Sura ya 5: Watoto Sita, Chumba Kimoja

“Watoto wapo, mkeka upo. Nafasi hakuna, na pesa ya vitu vya kuchezea hakuna. Wacheze nini kutwa nzima?”

Ndilo swali la kila mlezi wa nyumbani, yaani mtu anayelea watoto wa wengine kwake, alipwe faranga, alipwe sombe na mihogo, au asilipwe kitu kwa kuwa yeye ndiye koko, yaani bibi, wa mtoto. Mombasa na Kampala linaulizwa pia, ila Lubunga lina uzito wake. Komini tano za Kisangani, yaani Makiso, Tshopo, Kabondo, Mangobo na Kisangani yenyewe, ziko ukingo wa kulia wa Mto Kongo. Lubunga, komini ya sita, iko peke yake ukingo wa kushoto, na daraja la kuvukia hakuna. Mama wa Lubunga anayeuza Makiso huvuka asubuhi kwa mtumbwi au kivuko, na akishavuka amevuka: hawezi kukimbia nyumbani mchana kunyonyesha wala kumtuliza anayelia. Jioni nayo hutegemea kivuko, mvua, na kama bidhaa imekwisha. Kwa hiyo mlezi hukaa na watoto saa nyingi, mara nyingi katika chumba kimoja na kipande cha uwanja anachogawana na wapangaji wengine, mbabula zao (majiko ya makaa), kamba zao za nguo na kuku wao.

Tuchukue mfano wa watoto sita, mdogo ana miezi minane na mkubwa miaka mitano, ndani ya chumba cha mita tatu kwa nne ambacho kitanda kimekwishakula sehemu yake. Ukuta hautasogea. Lakini mlezi ana mambo mawili mkononi mwake: saa ambayo kila mchezo unatokea, na aina ya michezo anayoichagua. Iko michezo inayoharibiwa na msongamano. Iko mingine ambayo bila msongamano hainogi, na hiyo ndiyo mali ya mwenye chumba kidogo.

Kopo linashinda gari la plastiki

Gari la plastiki lina kazi moja. Siku ya tatu gurudumu limeng'oka na kilichobaki ni ugomvi, maana gari ni moja na watoto ni sita. Kopo la maziwa halijapangiwa kazi. Leo ni ngoma, kesho ni sufuria, kesho kutwa makopo manane ni mnara wa kuangushwa. Mwaka 1971 Mwingereza Simon Nicholson, msanii, aliandika kwamba ubunifu wa watu, watoto wakiwemo, hutegemea wingi wa vitu vinavyoweza kuhamishwa, kupangwa na kupanguliwa mahali walipo. Hapa tutaviita vitu huria: vitu ambavyo havimwambii mtoto avifanyie nini.

Huku kwetu jambo hilo lilikwishafanyiwa kazi. Mombasa, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alianza kuwafundisha wanawake wa mitaani kuwa walimu wa watoto wadogo katika madrasa, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Sehemu ya mafunzo ilikuwa kutengeneza vifaa kwa vitu vinavyopatikana palepale mtaani. Pwani, vitu hivyo ni vifuu vya nazi. Lubunga ina mianzi, migomba, michikichi, vibuyu na magunzi ya mahindi, na kila nyumba ina bidoni iliyopasuka ambayo hakuna aliyepata moyo wa kuitupa.

Kabla ya kukusanya chochote, mtazame mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa muda. Utaona anarudia tendo moja kwa vitu tofauti. Kurudia huko nitakuita mtindo. Yuko mbebaji, anayehamisha kila kitu kutoka pembe hii hadi ile. Yuko mfungaji, anayefunika na kuviringisha. Yuko mrushaji. Yuko anayezungusha vifuniko mpaka mkono uchoke. Mlezi asiyeujua mtindo huona utundu, hasa kwa mrushaji, na kofi linafuata. Anayeujua humpa mrushaji mipira ya vitambaa na karai la kulengea, humpa mbebaji kikopo chenye mpini na magunzi kumi. Katika sura hii nzima hakuna maarifa ya bei nafuu kuliko haya, nayo huokoa vikombe vingi.

Gawa saa, usigawe chumba

Vitabu vya Ulaya humshauri mlezi atenge pembe ya vitabu, pembe ya maji, pembe ya maigizo. Chumba cha mita tatu kwa nne hakina pembe za kutenga. Wengi basi hutoa kila kitu asubuhi na kukimwaga mkekani, na kabla jua halijapanda watoto wanakanyaga vitu badala ya kuvichezea.

Fanya kinyume chake. Kila aina ya vitu ipate mfuko wake, na mifuko ining'inie kwenye misumari juu ya kimo cha mtoto. Ukuta ni nafasi ambayo haikodiwi. Mfuko mmoja unashuka, unachezewa, unapanda, ndipo wa pili ushuke. Watoto husaidia kujaza mfuko, na kwa mbebaji kazi hiyo ni mchezo kamili.

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua hunyesha karibu mwaka mzima na jua la mchana halina huruma. Siku inajipanga yenyewe hivi:

- Asubuhi mapema, uwanjani: kukimbia, kuruka, kurusha, nzango, mchezo wa kuruka kwa makofi, kwa walio na miguu imara.
- Jua likipanda, kivulini: vitu huria vya kujaza na kumwaga.
- Mchana, wadogo wakilala: wakubwa wawili watatu wanapewa mbegu na kokwa za mchezo wa mashimo.
- Alasiri: maigizo, ambayo tutayarudia.
- Jioni, wakingoja mama zao: nyimbo, vitendawili na hadithi, mikono mitupu, kila kitu kimekwisha kupanda ukutani.

Huo muda wa mchana una siri. Mbegu na kokwa ni hatari kwa mtoto wa mwaka mmoja, lakini mtoto wa miaka mitano anazihitaji ili ajifunze kuhesabu na kutumia vidole. Katika chumba kimoja huwezi kuwatenganisha kwa mlango. Unawatenganisha kwa usingizi. Mdogo akifumbua macho, mfuko unapanda.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Linasema mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji dakika 180 za kujongea kwa siku, zikiwa zimegawanywa. Dakika hizo si lazima ziwe mbio. Kutambaa chini ya kitanda na kupanda tena kunahesabiwa. Mwongozo huohuo unasema mtoto asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, na ukataja waziwazi kufungwa mgongoni. Najua mgongo ndio kitanda cha kwanza cha mtoto wetu, na sitamwambia mlezi auache. Namwambia tu kwamba mtoto aliyeshinda mgongoni tangu asubuhi kwa sababu chumba hakina nafasi anadai dakika zake za sakafuni. Asiyetambaa bado alazwe kifudifudi mara kadhaa, jumla ya nusu saa kwa siku, na wewe ukae chini mbele yake, maana ataunyanyua uso akiona uso.

Kwa ufupi: mfuko mmoja kwa wakati mmoja, nje asubuhi, ndani mchana, vitu vidogo hutoka wadogo wakilala.

Kikapu cha asiyetembea

Mtoto wa miezi minane aliyekaa mkekani huwa ndiye aliyesahaulika, kwa sababu hana pa kwenda. Mlezi mmoja mashuhuri wa Uingereza, Elinor Goldschmied, alimtengenezea kitu ambacho tunaweza kukiita kikapu cha hazina: kikapu kifupi kisichopinduka, kilichojaa vitu vya kawaida vya nyumbani, ambavyo mtoto anavichagua mwenyewe, anavishika, anavinusa na kuvitia kinywani. Kwake kinywa ni jicho la pili. Kazi ya mlezi ni kukaa karibu na kunyamaza, na kunyamaza ndiko kugumu.

Cha Lubunga kinaweza kuwa na:

- kijiko cha mbao na kikombe cha bati kisicho na makali
- kibuyu kidogo kilichosafishwa
- gunzi kavu
- pingili nene ya mwanzi, iliyosuguliwa kwa mchanga hadi ikawa laini
- kipande cha kitenge na kipande cha gunia
- limau zima
- brashi safi ya mbao

Angalia kwamba hakuna plastiki. Plastiki zote zina uzito mmoja, harufu moja na ubaridi mmoja. Bati, mwanzi na limau vinatofautiana hata gizani. Vioshwe kila jioni. Kikapu hiki kinachukua nafasi ya mtoto mmoja aliyekaa, basi, nacho humtuliza kuliko kelele zako za “chichichi.”

Michezo inayopenda msongamano

Watoto huigiza wanachokiona, na Lubunga imewapa mengi ya kuona. Mchezo wa kuigiza ni ule ambao kitu kimoja kinasimama mahali pa kingine: jani ni noti, kiti ni injini. Huanza taratibu karibu na mwaka wa pili na kushika kasi miaka mitatu hadi mitano. Na bahati ya mlezi ni hii: mambo makubwa ya mji huu yote hufanyika kwa kubanana.

Chukua kivuko. Kunja mkeka nusu. Huo ndio kivuko. Sakafu ni mto. Nahodha ana mti wa kupigia kasia. Kivuko kinabeba watu watatu tu pamoja na mizigo yao, na nauli ni jani moja. Waliobaki wanangoja gatini juu ya kitanda, na mizigo yao ni vikwembe vilivyofungwa na kubebwa kichwani. Kikitia nanga, wanashuka, wengine wanapanda. Kungoja zamu, jambo ambalo mlezi hulihubiri siku nzima bila mafanikio, linatokea lenyewe, kwa kuwa hakuna anayetaka kivuko kizame. Mwenye miaka mitano atabishana nauli kwa maneno ambayo hukujua anayajua. Na usishangae akitokea mmoja gatini anayedai ushuru bila kutoa risiti. Hakuna aliyemfundisha.

Katika chumba kikubwa mchezo huu hufa mapema: watoto hutawanyika, mto hauonekani, hofu ya kuzama haipo. Chumba kidogo kinaufaa.

Treni nayo ni ya Lubunga. Reli inayoanzia hapa kwenda Ubundu, kilomita 125, ilijengwa mwanzoni mwa karne iliyopita kwa sababu maporomoko ya Boyoma yanazuia mashua kupanda mto. Reli huwa na siku zake za kulala, lakini treni ya watoto haikosi mafuta. Kila mmoja anashika nguo ya aliye mbele, mlezi ni injini, na vituo ni choo, ndoo ya kunawia na mkeka wa chakula. Ni njia ya kuwahamisha watoto sita katikati ya mbabula za majirani bila kupaza sauti. Mdogo yuko mgongoni mwako. Yeye ni abiria wa daraja la kwanza.

Soko linahitaji kigoda kimoja tu. Majani yaliyochanwa ni sombe, mawe ya kushikwa kwa mkono mzima ni samaki, vipande vya mgomba ni sabuni. Jambo la kusisitiza ni fungu, kwa kuwa ndivyo mama zao wanavyouza. Mtoto wa miaka mitatu apange mafungu ya vitu viwili viwili. Wa miaka mitano apange ya vitano vitano, kisha mteja aombe mafungu mawili na “matabishi” juu yake. Nyongeza hiyo ya mwisho ni hesabu tosha: tano na tano na moja. Mtoto aliyeimbishwa moja mpaka ishirini mara nyingi hajui kama sita ni nyingi kuliko nne. Muuza mafungu hadanganyiki.

Kikwembe kimoja kikuukuu kinatosha kwa mchezo mwingine wote wa ndani. Kifunge kwenye mguu wa kitanda na msumari, una nyumba; wawili wakiingia imejaa, na kujaa huko ndiko wanakokutaka. Kishikwe pembe nne na watoto wanne, tia mpira wa vitambaa katikati, waurushe bila kuudondosha. Funika nacho uso wa mwenye miezi minane, kisha ukifunue: mtu aliyepotea anarudi, na hilo ni somo zito kwa mtoto ambaye mama yake ameondoka na mtumbwi alfajiri.

Kuna igizo ambalo litamkera mlezi. Mapigano kati ya Wambole na Walengola, yaliyoanza mwaka 2023, yalizifukuza familia nyingi kutoka vijijini, na watoto wao wako miongoni mwa tunaowalea. Mtoto aliyeona nyumba ikiungua anaweza kucheza kuungua kwa nyumba, tena na tena. Usimfokee, wala usiwazuie wengine kucheza naye kwa sababu ya kabila la baba yake. Maadamu hakuna anayeumizwa, kaa karibu, na baadaye uliza, “Sasa hawa watu watalala wapi?” Mara nyingi mtoto mwenyewe ataanza kujenga. Lakini akiwa hachezi kabisa, halali, au ameacha kusema maneno aliyokuwa akiyasema, hilo limevuka uwezo wa mchezo. Zungumza na mama yake na mhudumu wa kituo cha afya.

Nyimbo ziwe za lugha zote za chumba. Sita hawa wanaweza kuwa wa Kiswahili, Kilingala, Kimbole, Kilengola na Kilokele. Kila mama afundishe wimbo mmoja anapomwacha mtoto. Mlezi atakuwa na hazina ambayo hakuna maternele (shule ya watoto wadogo) iliyo nayo.

Siku ya mvua

Mvua ikishika, wote sita wako ndani na mwanga ni haba. Siku hiyo kivuko ni cha alasiri, asubuhi ni ya kujongea. Tandika vikwembe viwili sakafuni kama mawe ya kuvukia. Weka makopo sita na waambie wayapite bila kuyagusa, kisha wayapite kwa magoti, kisha kwa kurudi nyuma. Nzango nayo inakubali chumba: jozi moja inaruka, wengine wanapiga makofi kitandani.

Jambo moja la siku ya mvua halina mjadala. Mbabula isiingizwe ndani walimo watoto. Makaa yakiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Chakula kipikwe barazani, hata kama kitachelewa.

Visivyoingia kwenye mfuko

Vitu vya bure vina hatari za bure. Kwa walio chini ya miaka mitatu, chochote kinachopita ndani ya duara la kidole gumba na cha shahada kinaweza kuziba koo. Kizibo cha chupa ya maji, chenye upana wa karibu sentimita 3, kimo humo. Ngazi za michikichi zimo humo.

Ondoa pia:

- bidoni na chupa zilizowahi kubeba dawa za shamba, petroli au mafuta ya taa, hata zikioshwa mara kumi
- soda kali ya kutengenezea sabuni, ambayo iwe mbali na chumba kabisa. Tone lake huunguza koo
- betri, hasa zile bapa za mviringo
- mifuko laini ya plastiki
- kamba ndefu kuliko shibiri
- vipande vya muhogo mbichi; muhogo mchungu una sumu kabla haujalowekwa, na muuza soko wa miaka miwili ataonja bidhaa yake
- makopo yenye makali, mpaka mdomo ugongwe kwa jiwe ukalale

Maji ni mchezo mzuri kuliko yote na ndiyo ninayoyaogopa zaidi. Mtoto mdogo huzama katika maji yasiyofika kifundo cha mguu. Mpe kila mtoto nusu lita ndani ya karai, kikombe na kikopo kilichotobolewa, mchana wa joto, kivulini, wewe ukiwa umekaa palepale. Ukiitwa na jirani, unamwaga kwanza ndipo unaitika.

“Leo wamesoma nini?”

Swali hili huja jioni, mlangoni, mama akiwa na bakuli tupu kichwani na nauli ya mtumbwi imekwisha kumuuma. Tangu mwaka 2019 serikali ilipoanza kufuta karo katika shule za msingi za umma, wazazi wengi wanataka mtoto afike darasa la kwanza akiwa amekwishajua a-be-che, na mlezi anayesema “wamecheza” anaonekana amekula pesa ya bure. Wengine hushika ubao na kuwakalisha watoto wa miaka mitatu kwa mistari, kisha wanawapiga kwa kujongea. Kwa mawazo yangu hiyo ni hasara mara mbili: herufi hazikai na dakika 180 zimepotea.

Usiutetee mchezo kwa hotuba. Mwambie mama kitu kimoja ambacho mtoto wake alifanya. “Leo alipanga mafungu manne ya vitano, akamdai mwenzake jani moja lililopungua.” “Leo amengoja zamu mbili za kivuko bila kulia.” Mama anayeuza kwa mafungu anaelewa mara moja, maana hiyo ndiyo kazi yake.

Kisha mwombe mchango, kwa kuwa mikono yake inapita sokoni kila siku na yako haipiti. Kila mzazi alete kitu kimoja kila Jumatatu: kopo lenye mfuniko, gunzi, kipande cha kitenge cha fundi cherehani, gunia lililochakaa, boksi la sabuni. Asiye na kitu alete wimbo. Wazazi wakiwa watano, mwezi haujaisha misumari ukutani haitoshi, na itabidi uanze kuwaambia wakulipe tena kwa sombe.